Ushuru wa kila mtu: uchambuzi wa kisa cha daraja la kwanza la kudumu kati ya Buda na Pest

Kisa chenyewe

Kisa hiki kinahusu daraja la minyororo lililojengwa juu ya Mto Danube nchini Hungaria, kati ya Buda na Pest, wakati ambapo hiyo ilikuwa miji miwili na haijaungana kuwa Budapest. Nimelichagua kwa sababu moja. Watu wengi wanaopanga madaraja huanza na nguzo, chuma na urefu, kisha suala la nani atalipa wanalisukuma mwisho. Huku Buda na Pest mambo yalikwenda kinyume. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya ushuru, na jibu lililopatikana ndilo lililoamua kama daraja lingekuwepo au lisingekuwepo.

Waliotajwa kwa majina ni watu wa historia ya umma. Mafundi, vibarua na wakazi nimewataja kwa kazi zao tu.

Usuli

Buda iko upande wa magharibi, imejengwa kwenye vilima na juu ya mojawapo limekaa kasri la kifalme. Pest iko mashariki, kwenye uwanda wazi, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 ndiyo iliyokuwa ikikua kwa kasi kwa biashara ya nafaka, mifugo na sufu. Kati yao Danube unapita ukiwa na upana wa mita mia kadhaa na mkondo wenye nguvu.

Kuvuka kulikuwepo. Tangu nusu ya pili ya karne ya 18, miji hiyo miwili ilikuwa na daraja la mashua: mashua zilipangwa safu moja kutoka ukingo hadi ukingo, zikafungwa kwa nanga, juu yake zikatandazwa mbao. Meli ilipotaka kupita, baadhi ya mashua ziliondolewa kwenye safu na waliokuwa wakisubiri ukingoni wakaendelea kusubiri. Daraja hilo lilitoza ushuru, na mapato yake yalikuwa ya miji hiyo miwili. Lakini makabaila hawakulipa, wala raia wenye haki za mji hawakulipa. Mzigo ulimwangukia mkulima aliyekuja na gari la ng'ombe, mchuuzi, na mgeni.

Adui wa daraja hilo alikuwa majira ya baridi. Barafu ilipoanza kuelea mtoni, mashua zilikusanywa na kuegeshwa, la sivyo zingesagwa. Mto ukiganda sawasawa, watu walitembea juu ya barafu. Kipindi kibaya kilikuwa kile cha katikati, ambapo mapande ya barafu yanakwenda na maji: hayabebi mtu na hayaruhusu chombo. Siku hizo miji hiyo ilikuwa karibu kama nchi mbili.

Desemba 1820, ofisa mmoja kijana wa jeshi, kabaila István Széchenyi, alifika Pest akiwa njiani kwenda Vienna baada ya kupata habari za kifo cha baba yake. Alikwama karibu wiki nzima kwa sababu ya barafu. Katika shajara yake aliandika kwamba angetoa mapato yake ya mwaka mzima iwapo daraja lingejengwa. Hadithi hii hupendwa sana, na mara nyingi hutolewa kama chanzo cha daraja. Mimi naipa uzito mdogo zaidi. Kati ya wiki ile na hatua yake ya kwanza ya maana ilipita miaka kumi na zaidi, na alichokifanya baadaye hakikuwa cha mtu anayefidia machungu ya msiba. Kilikuwa cha mtu aliyeamini kwamba Hungaria imeachwa nyuma na kwamba kuna sheria zinazoishikilia huko nyuma.

Mfuatano wa matukio

Mwaka 1832 Széchenyi aliunda chama cha daraja. Mwaka huohuo alisafiri hadi Uingereza pamoja na György Andrássy, kabaila mwenzake, kwenda kuangalia madaraja yanavyojengwa na, jambo lililomhusu zaidi, yanavyolipiwa. Huko alikutana na mhandisi William Tierney Clark, aliyekuwa amejenga daraja la kuning'inia la Hammersmith mjini London, lililofunguliwa 1827. Waliporudi walitoa ripoti. Ripoti hiyo ilijibu hoja za mafundi, na ikajibu pia hoja za mabwana waliosema kwamba kabaila hawezi kutozwa ushuru barabarani.

Mwaka 1836 Bunge la Hungaria, lililokuwa likikutana Pozsony (leo Bratislava, Slovakia), lilipitisha sheria ya 26 ya mwaka huo. Daraja la kudumu litajengwa, na kila atakayelipita atalipa, bila kujali cheo.

Machi 1838, kabla jiwe lolote halijawekwa, barafu iliziba mto kusini ya mji na maji yakarudi nyuma yakaifunika Pest. Zaidi ya nyumba 2,000 zilianguka na zaidi ya watu 150 wakafa. Nyumba nyingi zilikuwa za matofali mabichi ya udongo, yakalowa na kuyeyuka.

Mkataba ukatiwa saini na György Sina, mwenye benki wa Vienna mwenye asili ya Kigiriki. Kazi mtoni zilianza kuelekea 1840, na jiwe la msingi likawekwa rasmi tarehe 24 Agosti 1842. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Mskoti, Adam Clark, ambaye hakuwa na undugu na Tierney Clark ingawa walishiriki jina la ukoo. Tierney Clark alibaki Uingereza na kuja kwa vipindi; Adam Clark aliishi penye kazi.

Kazi iliyochukua muda mrefu ni ile ambayo leo haionekani. Ili kujenga nguzo mbili katikati ya mto, palijengwa kuta za muda za magogo yaliyopigiliwa ardhini kwa safu, katikati ya safu pakashindiliwa udongo, kisha maji ya ndani yakavutwa kwa pampu mpaka mafundi wakaweza kusimama chini kabisa ya usawa wa mto na kupanga mawe. Kila majira ya baridi barafu ilirudi kuzigonga kuta hizo. Anayetaka kujua kwa nini ujenzi ulidumu kama miaka kumi atazame hapo, asitazame juu kwenye minyororo.

Minyororo ilifuata 1848. Haikuwa minyororo ya pete. Kila kiungo kilikuwa fungu la mapande marefu ya chuma yenye matundu kwenye ncha, yakaunganishwa na fungu linalofuata kwa pini nene. Sehemu kubwa ya chuma ilitoka Uingereza. Tarehe 18 Julai 1848 kipande cha mwisho kilikuwa kikinyanyuliwa huku umati ukitazama kutoka kwenye jukwaa la kazi. Kiungo cha mnyororo wa kunyanyulia kikakatika. Mzigo wote ukaporomoka, ukavunja jukwaa na kuwatupa watu majini, Széchenyi akiwa miongoni mwao. Yeye aliogelea hadi ukingoni. Mfanyakazi mmoja alikufa.

Wakati huo mapinduzi yalikuwa yameanza Hungaria. Széchenyi alikuwa waziri wa uchukuzi na kazi za umma katika serikali mpya, lakini Septemba 1848 afya ya akili yake ilivunjika, akapelekwa kwenye hospitali ya Döbling karibu na Vienna. Alifia huko 1860. Hakulivuka daraja hata mara moja baada ya kukamilika.

Wa kwanza kulitumia kwa wingi walikuwa askari, Januari 1849, majeshi ya Austria yalipoingia. Mei mwaka huo, Wahungaria walipoizingira Buda, kanali wa Austria aitwaye Alnoch alijaribu kulilipua. Baruti ikamuua yeye, na daraja likapata madhara yasiyo makubwa. Adam Clark alikuwa ameshajaza maji kwenye vyumba vya chini ambamo ncha za minyororo zimefungwa, akaziharibu pampu ili maji yasitolewe. Hapo palikuwa mahali rahisi zaidi pa kuliangusha. Majira ya kiangazi, jenerali Dembiński wa upande wa Wahungaria naye alitaka kuliharibu ili kuwazuia adui. Clark akamshawishi kwamba kung'oa mbao za sakafu kunatosha. Pande mbili za vita moja zilitaka kulivunja, na mtu yuleyule akaliokoa mara mbili.

Daraja lilifunguliwa tarehe 20 Novemba 1849. Umbali kati ya nguzo zake mbili ni kama mita 202, miongoni mwa mirefu sana duniani wakati huo.

Maamuzi makuu na sababu zake

*Kuning'inia badala ya matao.* Hofu iliyorudiwa na wapinzani ilikuwa kwamba daraja la kudumu litazuia barafu na kuleta mafuriko. Haikuwa hofu ya kijinga. Mwaka 1838 uliithibitisha hata pasipo daraja. Daraja la matao ya mawe lingehitaji nguzo nyingi mtoni. La kuning'inia lilihitaji mbili tu, na nafasi kubwa katikati ikaachiwa maji, barafu na meli. Uamuzi huu ulitoka kwa mto wenyewe, na Tierney Clark alichaguliwa kwa sababu alikuwa tayari ameshalifanya jambo hilo kwingine.

*Kila mtu kulipa.* Makabaila wa Hungaria walikuwa na msamaha wa kodi unaorejea hadi hati ya kifalme ya mwaka 1222, na waliuona kama sehemu ya damu yao. Inasimuliwa kwamba jaji mkuu Antal Cziráky aliapa hatakanyaga daraja hilo kamwe. Hata kama hakusema hivyo neno kwa neno, alielewa vizuri kilichokuwa mezani: pesa zenyewe zilikuwa senti chache, ila aliyelipa senti hizo alikubali kwamba kodi inaweza kumfikia.

Széchenyi alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu. Hakuna mwenye benki angeweka fedha kwenye daraja ambalo wenye magari na farasi wengi zaidi wanapita bure. Ya pili ni siasa. Alitaka ukuta wa msamaha upate ufa mahali ambapo mtu angeona faida ya kulipa papo hapo, chini ya miguu yake. Aliziweka sababu hizo mbili pamoja makusudi, na hapo ndipo ninapouona ustadi wake. Aliyejibu hoja ya usawa alibanwa na hoja ya hesabu.

*Kumpa mwekezaji haki ya pekee.* Sina na wenzake walitaka ulinzi. Mkataba uliwapa haki ya kukusanya ushuru kwa miongo mingi na ukazuia daraja jingine la kushindana nalo jirani. Kwa mtu aliyekuwa akitoa fedha kwa kazi ambayo haijawahi kufanyika kwenye sehemu ile ya mto, dai hilo lilikuwa la haki. Serikali haikuwa na fedha za kujenga yenyewe, kwa hiyo nafasi ya kujadiliana ilikuwa ndogo.

*Msimamizi akae penye kazi.* Hili halikuandikwa kama uamuzi mkubwa, lakini lilikuwa hivyo. Kumbukumbu nyingi za madaraja hutukuza mchoraji. Hapa aliyeifanya michoro isimame ni yule aliyelala umbali mfupi kutoka kwenye pampu.

Matokeo

Mwaka wote ukawa wa kuvuka. Bei ya nyumba na mtindo wa ujenzi wa Pest ukaanza kuelekea upande wa daraja, ofisi na biashara zikasogea. Mwaka 1870 serikali ililinunua daraja kutoka kwa kampuni. Tarehe 17 Novemba 1873 Buda, Pest na Óbuda, mji mdogo jirani na Buda, ziliungana kuwa mji mmoja. Siwezi kusema daraja ndilo lililoiunganisha miji. Siasa za 1867, Hungaria ilipopata serikali yake ndani ya dola ya pamoja na Austria, zilikuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa nchi ilihitaji mji mkuu. Lakini mji mkuu unaokatika vipande viwili kila barafu inapopita usingemshawishi mtu.

Kuhusu makabaila, historia iliukimbia mpango. Sheria za Aprili 1848 zilifuta msamaha wao wa kodi nchini kote, mwaka mmoja na nusu kabla ya kufunguliwa. Kabaila wa kwanza aliyetoa senti yake mlangoni mwa daraja alikuwa tayari hana tena haki aliyokuwa akiililia mwaka 1836. Wapo wanaosema kwa hiyo ushindi wa ushuru haukuwa na maana. Sikubaliani. Bunge la 1848 lilipiga kura juu ya jambo ambalo Bunge la 1836 lilikwisha kulikubali kwa umbo dogo, na dunia haikuanguka.

Chuma cha mwanzo kilibadilishwa kati ya 1913 na 1915, minyororo ikawa ya feleji imara zaidi kwa kuwa uzito wa magari ulikuwa umeongezeka. Nguzo zikabaki zilezile. Januari 1945 jeshi la Ujerumani lililokuwa likirudi nyuma kuelekea Buda lililipua madaraja yaliyosalia ya Danube mjini humo. Daraja la Margaret lilikuwa limekwisha kuanguka tarehe 4 Novemba 1944, pale baruti iliyofungwa ilipolipuka kabla ya wakati huku watu wakipita. Katika hali hiyo uongozi wa mji ulilazimika kuchagua kati ya haraka na kudumu, ukachagua yote mawili kwa awamu: Daraja la Kossuth, la muda, lilifunguliwa 18 Januari 1946 na kubomolewa 1960, wakati yale ya zamani yakifufuliwa moja baada ya jingine. Daraja la minyororo lilirudi tarehe 20 Novemba 1949, siku ya miaka mia moja tangu lilipofunguliwa mara ya kwanza.

Uchambuzi: yaliyofaulu

Kwanza, waliotaka daraja walikwenda kujifunza kabla ya kuomba. Ripoti ya baada ya safari ya Uingereza ilimpa kila mpinzani jibu lake: mwenye hofu ya barafu akaambiwa idadi ya nguzo, mwenye hofu ya hasara akaonyeshwa ushuru unavyofanya kazi kwingine. Bunge lilikuwa na mambo mengi ya kukwepa, lakini halikuweza kusema kwamba halijaelezwa.

Pili, misingi ilipewa muda. Nguzo zilezile zimebeba minyororo ya aina mbili na zikasimama hata baada ya milipuko ya 1945. Mwaka 1949 wajenzi walikuwa na mahali pa kuanzia, na hilo peke yake liliokoa miaka.

Tatu, na hili hutajwa kidogo mno, Adam Clark alijua daraja lake linaweza kuuliwa wapi. Aliyejua kwamba vyumba vya kufungia minyororo ndiyo shingo ya daraja alichukua hatua kabla ya mwenye baruti.

Uchambuzi: yaliyoshindwa

Tukio la Julai 1848 lilionyesha uzembe ambao sifa za daraja huufunika. Kunyanyua kipande cha mwisho kuligeuzwa sherehe. Watu wasio na kazi pale walisimama juu ya jukwaa, chini na kando ya mzigo uliokuwa ukining'inia kwa mnyororo mmoja wa kunyanyulia. Waziri alikuwa miongoni mwao. Kifo cha mfanyakazi yule kinaelezwa kwa sentensi moja katika masimulizi mengi, kisha msimuliaji anarudi kwa waziri aliyeogelea. Ingefaa iwe kinyume chake, maana waziri alikuwa mgeni pale, na yule mwingine hakuwa na hiari ya kutokuwepo.

Upande wa Buda haukupangwa. Ukishuka kutoka darajani unakutana na kilima cha kasri mbele ya uso wako. Magari yalilazimika kukizunguka. Ilibidi Adam Clark achimbe handaki lenye urefu wa kama mita 350 kwenye mstari wa daraja, likatumika kuanzia 1857, miaka minane baada ya daraja. Kwa muda huo wote Pest ilifaidi daraja kuliko Buda.

Lakini kosa zito zaidi lilikuwa ndani ya mkataba. Kifungu kilichomvuta mwekezaji ndicho kilichoifunga miji mikono. Pest ilikua, reli zikafika, msongamano ukaongezeka, na hakuna daraja la pili lililoweza kujengwa jirani mpaka kampuni ilipwe iondoke. Kuanzia 1849 hadi 1876 watu wote na mizigo yote ya miji miwili vilitegemea sakafu moja. Széchenyi alipigana miaka mingi ili kuondoa upendeleo wa kabaila mmojammoja mlangoni mwa daraja, halafu upendeleo mwingine ukaingia kupitia saini ya benki. Haki ya pekee ingeweza kuwekewa kikomo, kwa miaka au kwa kiasi cha faida, ikishafikiwa mlango unafunguka. Sioni kama Sina angekataa, kwa kuwa alichokihitaji ni kurudisha fedha zake.

Baada ya ununuzi wa 1870, mambo yalikwenda haraka. Zabuni ya Daraja la Margaret ilitangazwa, kampuni ya Mfaransa Ernest Gouin ikalijenga, likafunguliwa 30 Aprili 1876. Ushuru wa madaraja hayo mawili, sasa ukiingia mikononi mwa umma, ukasaidia kulipia yaliyofuata: lile la Franz Joseph mwaka 1896, ambalo leo huitwa Daraja la Uhuru, na la Elisabeth mwaka 1903.